Pikipiki Isiyo na Usukani

Mtoto wa Tandika au wa Mwananyamala aliyepata kuunda gari la waya kwa mikono yake mwenyewe, akalifungia magurudumu yaliyokatwa kwenye ndala kuukuu, akalitia usukani wa mti uliomfika kifuani, kisha akalikimbiza mchangani mpaka adhuhuri ikamkuta hana habari ya chakula, ana maarifa yasiyoandikwa katika daftari la shule yoyote: anajua kuwa chombo chake hakiendi kokote ila kwa nguvu ya miguu yake, na kwamba kazi iliyomkalia ni kukiongoza. Chombo ninachotaka kukizungumzia leo ni kinyume cha hicho kwa kila hali. Kina mota lakini hakina usukani. Njia yake imekwisha kuchongwa kabla hakijaanza safari. Na mwenye kukiendesha, aliyeketi juu ya kigoda na kishikio mkononi, hana amri yoyote juu ya upande kitakaoelekea, bali ana amri moja tu, nayo ni kadiri ya mwendo. Ni pikipiki ya mashindano, yenye urefu upatao ule wa kalamu, inayokimbia juu ya ubao uliolazwa ndani ya nyumba, ikifuata mfuo mwembamba na kunywa umeme wake kutoka kandokando ya mfuo huohuo.

Mtu ataweza kuuliza ni fadhila gani iliyomo katika mchezo uliomnyima mchezaji nusu ya uendeshaji. Jawabu langu ni kwamba fadhila imo katika kule kunyimwa kwenyewe. Aliyeondolewa usukani amebaki uso kwa uso na mwendo, wala hana wa kumsingizia. Pikipiki yake ikiruka nje ya mfuo hawezi kulaumu shimo la barabarani, wala daladala lililomchomekea, wala mwenda kwa miguu aliyekatiza ghafla, kwa kuwa njia ni ileile, kona ni ileile, na kitu pekee kilichobadilika tangu mzunguko uliopita ni kidole chake mwenyewe. Mchezo huu, kwa hiyo, ni mchezo wa kiasi kuliko kuwa mchezo wa mbio.

Na somo la kiasi lina wanafunzi wengi katika mji wetu wa Dar es Salaam. Tangu kanuni za mwaka 2010 zilipoiruhusu pikipiki kubeba abiria kwa leseni, bodaboda imeingia kila kichochoro ambacho daladala haliwezi kufika, kutoka Bunju upande wa kaskazini mpaka Chamazi upande wa kusini. Mvulana wa Mbagala Rangi Tatu anaijua pikipiki kabla hajajua kusoma: anaijua kuwa ni riziki ya kaka yake, kuwa ndiyo iliyomfikisha mama mjamzito hospitali usiku wa manane, na kuwa ndiyo pia iliyompeleka jirani katika wodi za Taasisi ya Mifupa Muhimbili, ambako majeruhi wa pikipiki wamekuwa wageni wa kila siku. Anaijua kwa sauti, kwa moshi na kwa misamiati yake yote, kupiga resi, kulala kwenye kona, kutanua. Lakini hapati mahali pa kujifunza, pasipo hatari ya kuvunjika mguu, ni wapi mwendo unapokoma kuwa fahari na kuanza kuwa ghururi.

Ilikotoka

Asili ya mchezo wenyewe ni ya mbali. Kampuni ya Lionel ya Marekani, iliyosifika kwa treni za kuchezea, ilitoa magari ya umeme yaendayo juu ya njia yao maalumu mwaka 1912, yakauzwa kwa miaka michache kisha yakaachwa. Aliyeuhuisha mchezo ukaenea duniani ni Mwingereza Fred Francis, mwenye kiwanda cha Minimodels, ambaye magari yake ya bati yaendayo kwa springi yalitoka mwaka 1952 kwa jina la Scalex. Gari la springi likishaachiliwa halina tena uhusiano na mwenye nalo, huenda lilikojaaliwa mpaka springi ikalegea. Francis akaliondoa katika hali hiyo kwa kulitia mota ya umeme na kulishusha katika mfuo, akalionyesha katika maonyesho ya vitu vya kuchezea ya Harrogate mwanzoni mwa mwaka 1957, na jina jipya likawa Scalextric. Mwaka uliofuata kampuni kubwa ya Lines Brothers ikakinunua kiwanda, na si muda mrefu magari ya bati yakawa ya plastiki, bei ikashuka, na familia nyingi za Uingereza zikaanza kutandika njia za mashindano juu ya zulia la sebuleni.

Pikipiki ilichelewa kuingia katika karamu hiyo, na sababu yake ni dhahiri kwa kila aliyewahi kuegesha pikipiki bila stendi. Zile za mwanzo, zilizotolewa na Scalextric mapema katika miaka ya 1960 kwa majina ya Typhoon na Hurricane, zilikuwa na kitoroli cha abiria pembeni, maana yake ni kwamba zilisimama kwa magurudumu matatu na kwa hakika zilikuwa magari yaliyovaa joho la pikipiki. Ilipasa kungojea mpaka muongo wa kwanza wa karne hii ndipo kampuni hiyohiyo ikatoa pikipiki za magurudumu mawili zilizoigwa kutoka mashindano ya MotoGP, ikiwamo Yamaha ya Valentino Rossi, kwa kipimo cha 1 kwa 12. Kwa kipimo hicho pikipiki ya bodaboda, ambayo urefu wake hukaribia mita 2, hugeuka kuwa ya sentimita 17 hivi. Na kwa kipimo cha 1 kwa 32, ambacho magari mengi ya mfuo hukitumia, ingekuwa ya sentimita 6 tu. Mwendo nao huchukuliwa kwa mizani hiyohiyo: pikipiki ya 1 kwa 12 inayokwenda mita 2 kwa sekunde, jambo jepesi kabisa kwa mota ndogo, ni sawasawa na pikipiki kamili inayokwenda kilomita 86 kwa saa, ilhali sheria yetu inaruhusu kilomita 50 tu penye makazi ya watu.

Hekima ya kulala kwenye kona

Pikipiki halisi hulala kwenye kona kwa sababu haina hiari. Mwendo humtupa mwendeshaji nje ya kona, na uzito humvuta chini. Asipoinama kuelekea ndani ili nguvu hizi mbili zikutane katika mstari mmoja unaopita kwenye matairi, ataanguka. Hesabu yake yaweza kufanywa na mwanafunzi yeyote wa fizikia wa sekondari: mwendo wa kilomita 36 kwa saa katika kona ambayo nusu kipenyo chake ni mita 10 humlazimu mwendeshaji kulala karibu nyuzi 45, na waendeshaji wa MotoGP, wenye matairi yasiyouzwa katika duka lolote la Kariakoo, hulala kupita nyuzi 60. Tena mwendo ukizidi maradufu, nguvu ya kutupwa nje haizidi maradufu bali mara nne, nayo ni kanuni ambayo mwili wa binadamu hauihisi mpaka iwe imekwisha kumwadhibu.

Kumfanya mdoli wa pikipiki alale hivyo kwa hiari yake, pasipo mtu juu yake mwenye akili ya kuinama, ni mas'ala yenye utamu wa pekee. Chini ya pikipiki, karibu na gurudumu la mbele, kuna kipande chembamba ambacho mimi nakiita ulimi, nacho huzama ndani ya mfuo na kukishika chombo kisitoke. Ubavuni mwa ulimi kuna nyuzi mbili za shaba zilizosukwa, zinazoburura juu ya njia ya umeme na kuupeleka kwenye mota. Na mota huzungusha gurudumu la nyuma. Ulimi na gurudumu la nyuma, na katika miundo mingine vigurudumu viwili vidogo vilivyofichwa pembeni, hukifanya chombo kisimame wima. Basi kiwiliwili cha pikipiki kikifungwa kwenye tako, yaani sehemu ya chini yenye ulimi na gurudumu hilo, kwa bawaba iliyoelekea mbele na nyuma, kitakuwa na uhuru wa kuyumba kushoto na kulia; na hapo fundi asiyetafakari hupata mshangao, kwa kuwa pikipiki yake hulala upande usiostahiki, yaani nje ya kona, kama abiria wa daladala aliyekosa pa kushika. Kosa ni kwamba uzito mkubwa umekaa juu ya bawaba. Ukishushwa ukawa chini yake, mota ikaning'inizwa karibu na ubao, nguvu ya kona huusukuma uzito huo kwenda nje, na sehemu ya juu, yenye mpanda pikipiki na kofia yake, huinama ndani kwa adabu ileile ya bingwa wa mashindano.

Njia za plastiki zinazouzwa madukani zina reli za chuma, na pikipiki zake zina sumaku tumboni inayozivuta reli hizo na kukizuia chombo kisiruke. Anayejenga njia yake mwenyewe kwa ubao na shaba hana msaada huo, maana shaba haivutwi na sumaku. Lazima atafute utulivu katika uzito. Kwa bahati njema mji wetu uko pwani, na wavuvi wa Kunduchi na Msasani wanajua zamani kuwa kitu kidogo kikitakiwa kizame kifungiwe chubwi. Kipande cha risasi cha mshipi, kikipigwa nyundo kikawa bapa na kubandikwa chini kabisa ya tako la pikipiki, hufanya sehemu ya kazi ya sumaku. Sharti moja ni kwamba risasi ni sumu, kwa hiyo ifunikwe kwa rangi, na mtoto asiachiwe kuitia kinywani, na kila aliyeishika anawe mikono.

Ubao, ukumbi na idhini

Nyumba iliyozoeleka katika mitaa ya zamani ya Magomeni, Temeke na Tandika, ile yenye baraza mbele, ua nyuma, na vyumba sita vilivyopangwa vitatu kwa vitatu huku na huku ya ukumbi mrefu unaoipasua kutoka mlango hadi mlango, yaonekana kana kwamba mjenzi wake aliwaza mchezo huu. Ukumbi ule una kivuli, una sakafu ya saruji iliyo sawa, na urefu wake unatosha. Lakini aghalabu una wenyewe wengi, kwa kuwa kila chumba kina mpangaji wake, na ndoo, baiskeli na majiko yana haki ya kupita kabla ya pikipiki za kuchezea. Kwa sababu hiyo ujenzi wa njia huanza kwa kuomba ruhusa, na mazungumzo yenyewe huwa mafupi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Na huo ubao nao umepanga hapa?”

“Mchana unasimama ukutani, mama. Jioni tu ndipo unalala.”

Na kweli ndivyo inavyopasa uwe: ubao mmoja wa MDF wa futi 8 kwa 4, yaani mita 2.44 kwa 1.22, uliofungwa ukutani kwa bawaba upande mmoja na kamba yenye kapi upande wa pili, huteremshwa juu ya vigoda saa ya mchezo na kupandishwa saa ya watu kupita. Wa Tegeta au Mbezi mwenye banda la gari atafanya apendavyo; mimi nasema na yule mwenye ukumbi.

Mahali pa kuchongea ubao huo panajulikana. Keko, katika wilaya ya Temeke, ni mtaa wa maseremala, ambako vitanda, makabati na makochi hupangwa kando ya barabara mpaka mpita njia hujiona yumo sebuleni mwa mtu; na fundi mwenye rauta anayeweza kuchora maua juu ya mlango wa kabati hashindwi na mfuo wenye upana wa milimita 3 na kina cha milimita 7 au 8. Kilicho kigumu kwake si kuchonga bali kupinda kwa mfululizo, kwa kuwa mkono uliosita katikati ya kona huacha kovu, na kovu la nusu milimita, ambalo macho hayalioni, ulimi wa pikipiki huliona kila mzunguko. Ndiyo maana mafundi wenye uzoefu huifunga rauta kwenye fimbo yenye msumari upande mmoja, ikazunguka kama bikari, na pale penye kona isiyo ya duara hutangulia kupigilia ukanda laini wa mbao na kuufuata.

Katika ubao wa upana huo zinaenea kona za nusu kipenyo cha sentimita 50 kwa mfuo wa nje na sentimita 40 kwa wa ndani, na nafasi ya sentimita 10 baina yake inatosha pikipiki mbili kulala pasipo kugongana. Hapo pana dhuluma iliyojificha ambayo mjenzi hana budi kuijua: katika kila duara kamili mfuo wa nje ni mrefu kuliko wa ndani kwa zaidi ya sentimita 60. Njia mojawapo ya kuleta insafu ni kuwabadilisha wachezaji mifuo, kila mmoja apate muda sawa huku na huku. Njia ya pili, kwa mwenye nafasi ya mbao mbili, ni kuichora njia kwa umbo la nane, ili aliye ndani upande huu awe nje upande ule, na pale njia zinapokatana lijengwe daraja. Na sioni kwa nini mtoto wa Temeke aige daraja la Ulaya wakati Daraja la Mfugale limesimama pale Tazara tangu mwaka 2018, likipitisha magari juu ya magari mengine kwa namna ileile.

Baada ya kuchonga hufuata shaba. Utepe mwembamba wa shaba wenye gundi mgongoni hubandikwa pande zote mbili za mfuo, mmoja ukibeba chanya na mwingine hasi. Asiyeupata anaweza kuvua ganda la waya wa umeme na kuzamisha shaba yake katika mifereji midogo kandokando ya mfuo, mradi ibaki sawasawa na uso wa ubao. Hapa ndipo pwani inapodai chake. Joto la kaskazi na unyevu wake huivika shaba kutu, masika huufanya ubao usiopakwa rangi uvimbe mpaka mfuo ukabana, na kusi huleta vumbi la mchanga kutoka kila uchochoro. Dawa zake si ngumu: rangi juu na chini ya ubao na ndani ya mfuo kabla ya kuweka shaba, kitambaa chenye spiriti juu ya shaba kabla ya kila mchezo, na matairi kupitishwa juu ya utepe wa gundi yakaacha vumbi lake huko. Asiyefanya hivyo ataona pikipiki ikisimama na kuruka, na atanunua mota mpya bure.

Umeme wa kiasi

Mota yenyewe si kitu cha kuagiza ng'ambo. Redio ya kaseti iliyokufa ina mota ndani yake, na vijana wa mitaani wamekuwa wakizitoa na kuzifanya feni tangu zamani. Gari bovu la kuchezea linayo, printa mbovu inayo. Mkono uliozoea kukunja waya wa gari la mchezo unaweza kukunja fremu ya pikipiki kwa waya mnene zaidi, ukaifunga mota hiyo chini na gia ndogo ya plastiki nyuma. Kilicho haramu kabisa ni kuuleta karibu na ubao umeme wa ukutani wa volti 230. Njia huhitaji volti 12 za mkondo mnyoofu, na adapta nzuri huzitoa. Pikipiki moja hula ampea moja hivi au pungufu, yaani wati 12, hata yuniti moja ya Luku ingeweza kuikimbiza kwa saa 80 na ushei. Na TANESCO wakikata umeme, mchezo hauna sababu ya kukatika, kwa kuwa betri ya bodaboda iliyoegeshwa barazani nayo ni ya volti 12, na mchezo wa muda mfupi hauwezi kuimaliza ikiwa nzima. Fyuzi ndogo karibu na betri ni lazima, maana uma uliodondoka juu ya tepe mbili za shaba huunganisha chanya na hasi, na betri haina huruma.

Kati ya umeme na njia hukaa kishikio, ambacho ndicho moyo wa mchezo. Kile cha zamani ni ukinzani unaopungua kadiri kidole kinavyobonyeza: kidole kikigusa kidogo, umeme mwingi hupotea kama joto na pikipiki hutambaa; kikibonyeza hadi mwisho, umeme wote hupita. Kina pia siri ambayo wengi hawaijui. Kidole kikiachia kabisa, kishikio kizuri hakikati umeme tu, bali huunganisha waya mbili za njia, na mota, ambayo bado inazunguka, hugeuka jenereta inayojizuia yenyewe. Hiyo ndiyo breki. Fundi mwenye ubunifu angeweza kuufunga ukinzani huo ndani ya mkono wa mafuta wa pikipiki kuukuu, mchezaji akakunja kifundo chake kama afanyavyo dereva wa barabarani, na mchezo ungefanana mno na uhalisi wake.

Jioni ya mashindano

Mambo yote niliyoyataja ni matayarisho ya dakika chache za mzunguko. Pikipiki mbili zimewekwa mstarini. Mwanzo ni mstari ulionyooka, na mgeni hubonyeza mpaka mwisho, kwa kuwa mstari ulionyooka humbembeleza kila mtu. Kona ya kwanza inafika kabla hajaizingatia. Pikipiki hulala, tairi la nyuma huserereka, ulimi hujitoa katika mfuo, na chombo hupaa kikaanguka sakafuni, huku mwenzake, aliyeanza polepole mpaka akachekwa, akizunguka peke yake. Katika mzunguko wa pili mgeni huogopa, akaachia mapema mno, na pikipiki husimama katikati ya kona isiweze kujivuta, kwani aliyepoteza mwendo wote ndani ya kona hulazimika kuutafuta upya mahali pasipofaa kuutafutia. Katikati ya kosa hili na lile ndipo mchezo ulipo: kuachia kabla ya kona, si ndani yake, kuiacha pikipiki iingie ikiwa imekwisha kutulia, kugusa kidogo katikati ili uzito ukae nyuma, kisha kuongeza kidogokidogo kadiri inavyoinuka, hata mstari ulionyooka unapofunguka mbele yake, kidole kiwe kimekwisha kufika mwisho. Dereva mkongwe wa bodaboda akikabidhiwa kishikio hufahamu mambo hayo upesi kuliko wote, kwa sababu ni yaleyale anayoyafanya akiteremka barabara yenye mchanga, ila sasa anayaona kwa macho badala ya kuyahisi kwa makalio.

Mashindano yana adabu zake, nazo zimetokana na ada za vilabu vya mchezo huu huko ulikozaliwa. Aliyemaliza zamu yake haendi zake, bali husimama kwenye kona na kuwa mwokozi, akirudisha mfuoni kila pikipiki iliyoanguka, ya rafiki na ya hasimu sawasawa, na asiyeokoa kwa haki hatapata wa kumwokoa zamu yake ikifika. Ushindi hauhesabiwi kwa mwendo wa juu kabisa bali kwa idadi ya mizunguko katika muda uliowekwa, dakika 3 mathalani katika kila mfuo. Na hesabu hiyo humpendelea asiyeanguka, kwa kuwa anguko moja hula muda ambao ujasiri wa mizunguko mingi hauwezi kuurudisha. Wanaohesabu huwa ni watoto wadogo, ambao kwa siku hiyo hupata sababu njema ya kujua hesabu ya kujumlisha.

Ubao ukishazoeleka huanza kuota mji. Huyu huchora mchanga na minazi, yule hujenga kituo cha mabasi ya mwendokasi kwa maboksi, mwingine hupaka pikipiki yake rangi. Kinondoni ina sunna yake katika jambo hili, kwa kuwa ni Oyster Bay, mwishoni mwa miaka ya 1960, ambako Edward Saidi Tingatinga alichora wanyama na ndege wake juu ya vipande vya mbao za dari kwa rangi za kupakia baiskeli, na vifaa hivyo vya senti chache vikazaa sanaa inayojulikana duniani kote. Ubao, rangi ya baiskeli na jicho la mtu wa hapa vinatosha kuifanya njia ya mashindano isifanane na iliyo katika boksi la dukani.

Yupo atakayesema kuwa huu ni mchezo wa watoto wa matajiri. Seti kamili iliyotoka kiwandani, kweli, haimfai mwenye kipato cha mitaa yetu, na sioni haja ya kumshawishi mtu aitamani. Lakini vitu nilivyovitaja, yaani ubao wa Keko, waya uliovuliwa ganda, mota ya kaseti, chubwi na betri, ni vitu ambavyo mji unavyo tayari, na stadi zinazoviunganisha, useremala, umeme mdogo na ufundi wa chuma, ni zilezile zinazofundishwa chuoni VETA pale Chang'ombe kwa vijana wanaotafuta kazi. Kijana aliyeunda kishikio chake mwenyewe ameelewa ukinzani. Aliyehamisha uzito chini ya bawaba ameelewa mizani. Na aliyekubali kuachia kabla ya kona ameelewa jambo ambalo trafiki wa Barabara ya Kilwa anajitahidi kulifundisha kwa faini.

Anayetaka kuanza, basi, asitangulie Kariakoo kutafuta pikipiki. Atangulie Keko, akaombe kipande cha ubao kilichobaki katika kabati la mtu, ambacho fundi atampa kwa bei ya soda, achongewe kona moja tu yenye nusu kipenyo cha sentimita 40, na vipande viwili vifupi vilivyonyooka, cha kuingilia na cha kutokea. Juu ya kipande hicho ajaribu mota, uzito, matairi na kidole chake, abadili kimoja kwa wakati mmoja, aandike kilichotokea. Na siku atakayoweza kuipitisha pikipiki humo mara kumi mfululizo bila kuokolewa, ndiyo siku ya kwenda kununua ubao mzima.